Dhahabu na Majivu

Jumamosi, 3 Mei 2025
Sungura wamefika hapa kwetu Osiri, jirani na mgodi wa dhahabu, wawili, wa wiki 10, kila mmoja kutoka boma lake. Binti yangu aliwapa majina wakiwa bado ndani ya katoni: Dhahabu, wa manyoya ya kahawia, na Majivu. Miguu ya banda nimeisimamisha ndani ya mikebe ya mafuta machafu, siafu wasipande. Sakafu nimetandika nyasi kavu, kwa maana waya mtupu huchubua nyayo zao.

Jumapili, 4 Mei
Nimewatenga kwa waya katikati, waonane bila kugusana. Usiku kucha mashine za kusaga mawe zilinguruma mgodini, naye Majivu akawa anapiga mguu sakafuni kwa woga. Nimewawekea kila mmoja sanduku la kujificha.

Jumatano, 7 Mei
Nyasi nakata juu kilimani, mbali na madimbwi ambako dhahabu huoshwa kwa zebaki. Kabla ya kuwapa nazianika kivulini zinyauke. Leo nimebadilisha matandiko, kila mmoja alalie harufu ya mwenzake.

Jumapili, 11 Mei
Nimewakutanisha sebuleni, pasipo pa huyu wala pa yule. Dakika 10 tu. Dhahabu alimkimbiza mwenzake, akamnyofoa manyoya kidogo. Damu haikutoka. Nimewarudisha kabla hawajachukiana.

Ijumaa, 16 Mei
Leo Majivu aliinamisha kichwa chini ya kidevu cha Dhahabu, akatulia tuli. Dhahabu akamramba paji la uso, kisha sikio, kutoka shinani hadi nchani, macho ya Majivu yakifumba polepole. Binti yangu alinishika mkono tusisogee. Jioni nimeutoa waya.

Jumamosi, 31 Mei
Niliambiwa wote ni majike. Leo nimemgeuza Dhahabu nikaona makende. Wana wiki 14 sasa. Nikichelewa, Majivu atashika mimba kabla mwili wake haujakomaa, na mimba ya sungura ni siku 31 hivi tu. Nimeurudisha waya mpaka nipate daktari wa mifugo wa kumhasi Dhahabu.

"Baba, si walishapatana?" binti yangu aliuliza, machozi yakimlengalenga. Nimemwambia ndiyo, na ndiyo maana siwapeleki mbali.

Saa tatu usiku nimewamulika kwa tochi. Wamelala ubavu kwa ubavu, manyoya ya kahawia na ya kijivu yamepenya matundu ya waya.