Picha Haijapotea

Mteja akiingia studio macho yamemtoka, neno langu la kwanza lilikuwa hilohilo: "Picha haijapotea. Kaa kwanza." Nimelisema Kariakoo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nimewaambia mabwana harusi, makatibu wa kamati, hata wapiga picha wenzangu waliokuja kwa kujificha ili wasionekane wameshindwa. Na mara nyingi lilikuwa kweli.

Niliingia kazini mkanda ukiwa unaaga. Mzee aliyeniajiri alikuwa bado na mashine ya Noritsu ya kusafishia picha, na negativu alizifunga kwenye bahasha zenye majina ya wateja kwa kalamu ya wino. Zama zile upotevu haukuwa na fumbo: negativu ipo, au imeungua. Kompyuta ilipofika ikiwa na Photoshop ndani yake, vijana wote tuligombea kiti. Kila mmoja alitaka kumsimamisha bi harusi mbele ya maporomoko ya maji ambako hata safari yake ya fungate isingemfikisha. Sikudumu upande huo. Nilivutwa na kazi isiyo na sifa, ya kujua kila faili limekaa wapi na limefikaje huko.

Somo la kwanza nililipata kwa Picasa, programu ya bure ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kuistaafisha 2016. Tuliipenda kwa sababu haikuichosha kompyuta dhaifu. Dada mmoja alikuja na fleshi yake tumchapie picha ya ukubwa wa A4. Tulipoichapa akaruka: mchumba wake wa zamani, ambaye dada huyo alimwondoa kwenye picha kwa Picasa nyumbani kwake, amesimama palepale pembeni, anatabasamu. Hapakuwa na uchawi. Picasa haikugusa faili la asili. Iliandika kando tu kwamba picha hii ikatwe hapa, iongezwe mwanga pale. Mpaka ubonyeze kuhifadhi au uitoe nakala mpya, mabadiliko yote unayaona wewe tu, ndani ya programu. Programu ya kuhariri ya Lightroom nayo ina tabia hiyo hiyo, na bado kuna watu wanaonakili faili la asili kisha wanaulizana rangi zimekwenda wapi.

Kisha kuna virusi vya fleshi, ambavyo vilitulisha vizuri, niseme ukweli. Mteja anachomeka fleshi yake, folda zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato. Akibonyeza kishale ndipo anapokiamsha kirusi chenyewe. Wengi walikuwa wameshashauriwa na jirani waiformati. Mimi nilifungua dirisha jeusi la amri za Windows, nikaandika attrib -h -r -s /s /d, nikamalizia na herufi ya fleshi, F:\*.*, nikasubiri. Folda zilikuwa zimefichwa tu, hazijafutwa. Zikirudi moja baada ya nyingine, unamsikia mtu nyuma ya kiti chako akishusha pumzi. Ndipo nafuta vile vishale, naiskani fleshi, na kutaja bei.

Hata kadi iliyoformatiwa kwa bahati mbaya kwenye kamera huwa haijafa. Programu ya PhotoRec, ya bure pia, hupekua kadi yenyewe ikitafuta alama zinazoanzia faili za picha. Haijali majina wala folda, kwa hiyo unarudishiwa rundo lisilo na mpangilio, lakini unarudishiwa. Sharti ni moja tu: kadi isipigiwe picha nyingine hata moja. Ukiendelea kupiga, mpya inakalia kiti cha ile ya zamani, na hapo hata mimi sina la kusema.

Lightroom ilipotoka mwaka 2007, malalamiko yalibadilika sura. Sasa ilikuwa alama ya faili kukosekana juu ya picha, na programu inakataa kuzihariri. Katalogi ya Lightroom ni daftari la stoo. Mzigo wenyewe haumo ndani ya daftari. Diski ya nje iliyokuwa E jana, leo umechomeka fleshi kwanza na Windows imeipa diski hiyo herufi F. Daftari linatafuta E, halioni kitu. Dawa ni kuirudishia diski herufi yake, au kubonyeza folda kwa kitufe cha kulia na kuionyesha programu mahali folda ilipo sasa. Kinachoumiza ni wale wanaoziondoa picha kwenye katalogi na kuziingiza upya, wakaacha nyuma kazi ya wiki nzima ya rangi.

Lakini kesi niliyoipenda kuliko zote ni ya saa. Harusi moja, wapiga picha wawili, mpangilio wa albamu umevurugika: keki imekatwa kabla maharusi hawajafika ukumbini, wazazi wanapewa zawadi wakati bi harusi bado yuko saluni. Kijana wa studio alikuwa anazipanga kwa mkono, moja moja. Nikamwambia aache, tutafute tukio ambalo kamera zote mbili zimelinasa. Tukapata kisu kikigusa keki. Kamera ya kwanza inasema 21:10, ya pili 15:10. Saa sita kamili! Mwenye kamera ya pili alikuwa ameiweka kwa saa ya Kiswahili: saa tatu usiku kwake ikawa 3 PM badala ya 9 PM. Tukazichagua picha zake zote, tukazisogeza mbele saa sita kwa mpigo, na harusi ikajipanga yenyewe.

Kuna mahali ambapo picha hupotea kweli, nako mashine haina hatia. Mama mmoja alikuja kuchukua picha ya familia. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akakaa kimya, kisha akauliza: "Mwanangu, huyu ndiye mimi?" Mhariri alikuwa amemfanya mweupe, ngozi imelainishwa mpaka mikunjo ya kicheko imeisha. Ubaguzi huu wa rangi una historia: kwa miongo mingi maabara za Marekani zilipima rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Siku hizi hatuna kisingizio. Uso mweusi kando ya shela jeupe hauhitaji kumwagiwa mwanga wote. Punguza kwanza yale meupe, inua vivuli kidogo, kisha gusa mwangaza wa rangi ya chungwa peke yake, maana ndiko ngozi zetu nyingi zinakoangukia. Na shusha mwanga wa kioo cha kompyuta kabla ya kuilaumu printa kwamba inatoa picha za giza.

Nilitaka kumrudishia mama sura yake, nikakuta mhariri amehifadhi juu ya JPEG ya asili, na kadi imeshatumika kwingine. Tangu siku ile niliweka sheria: folda ya asili haifunguliwi na mhariri yeyote. Ananakili kwanza. Walioiona sheria hiyo ni usumbufu waliondoka, na sikuwazuia.

Sasa studio inaendeshwa na wengine, ila simu hazijakoma. Nyingi ni za misiba: wanataka picha ya marehemu iwe kubwa mbele ya jeneza, na waliyonayo imepita kwenye makundi ya WhatsApp kumi. Huko picha hupunguzwa. Ikibaki na pikseli 1600 kwa upana, ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata kama sentimita 13 na nusu tu. Hata ile tarehe kwenye jina la faili si lazima iwe ya siku iliyopigwa. Kwa hiyo nauliza nani aliipiga, na simu yake ile bado anayo? Mtafuteni. Aitume kama dokumenti, asiitume kama picha, wala asiikate pembeni. Iliyobaki niachieni mimi, nitawapatia kabla ya saa nne asubuhi.