Gari Kuukuu na Daftari la Nyumba

Wapo jirani zangu hapa Gihosha wanaodhani kwamba napoteza bure siku zangu za mapumziko. Kila Jumamosi, baada ya juma zima la kazi ya ofisi, huvaa ovaroli na kulala chini ya gari la Volkswagen, lile lenye umbo la kobe. Mjomba wangu alilinunua kabla sijazaliwa. Nami nililirithi likiwa makao ya kuku.

Gari hili si la kudharauliwa. Mwaka 1954 moja la namna yake lilishinda mbio za Safari, na hadi lilipotengenezwa la mwisho nchini Meksiko, mwaka 2003, yalikwisha kutoka viwandani zaidi ya milioni 21. Injini yake hupozwa kwa upepo, haina rejeta, nayo hushikwa kwenye giaboksi kwa bolti 4 tu. Mwenye spana na subira aweza kuishusha uani kwake.

Adui mkubwa ni kutu. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na maji yake makali hula bati la sakafu polepole. Mafundi wa Buyenzi walinichomelea bati jipya. Kukwangua kutu, kupiga msasa na kubadili mipira ya petroli nilifanya mwenyewe. Maana mpira uliopasuka karibu na injini yenye moto huweza kuliteketeza gari zima.

Mwaka 2024, petroli ilipoadimika mjini, mke wangu aliniuliza: "Baba watoto, ya nini kulitengeneza gari lisilo na cha kunywa?" Swali lilikuwa la haki. Ada za shule zilikaribia, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha bisha hodi.

Tuliketi, tukafungua daftari: kwanza ada, chakula na dawa, kitakachosalia, gari. Miezi mingine halikupata hata faranga moja. Lakini hatukuliuza, kwa sababu binti yetu alikwisha jifunza kupima nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, kwa mkono usiotetemeka. Mimi niliyesomea ualimu najua kwamba somo lililopita mikononi halifutiki upesi.

Hadi leo gari halijatoka langoni. Ndugu msomaji, ukiwa na kuukuu lako uani, usiharakishe kulitupa. Ila lisile kabla ya watoto.