Kuuteka Mwezi Pale Lighthouse

Mpenzi msomaji, ukienda Mombasa na jamaa yako, usikubali kurudi kabla ya kukaa jioni moja pale Mama Ngina, kwenye ukingo wa bahari ambao wenyeji huuita Lighthouse. Utawakuta wauzaji wamewasha majiko, mihogo inakaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, madafu yanakatwa, na watoto wanakimbizana kwenye njia pana iliyotengenezwa upya mwaka wa 2019, mwaka ambao sherehe za Mashujaa zilifanyiwa hapo. Ukibahatika kufika siku za mwezi mpevu, utauona ukichomoza majini, mwekundu kama chungu kilichotoka motoni.

Mimi nilikwenda huko na deni. Mama yangu anaishi Nyeri na hajawahi kuiona bahari. Magoti yake hayamruhusu tena kusafiri mbali. Alimwambia binti yangu, "Niletee picha ya mwezi ukitoka majini." Basi tukapanda treni ya Madaraka, binti na kamera yake begani. Ni kamera ya kawaida tu, na lenzi yake ya kuvuta, ya milimita 300, tuliiazima kwa jirani. Tulikuwa na jioni mbili.

Ya kwanza tuliiharibu. Mwezi ulipochomoza watu walishangilia, binti akafyatua kamera yapata mara thelathini, na tulipotazama tukaona doa jeupe lisilo na sura, mfano wa taa ya lori usiku. Kosa letu ni la wengi: tuliiachia kamera iamue. Kamera ikiona giza limetanda kila upande hudhani kila kitu ni cheusi, ikafumbua jicho kwa muda mrefu. Lakini mwezi, msomaji, ni mwamba unaopigwa na jua, lile lile linalokuchoma utosini saa sita mchana. Basi upige kana kwamba ni mchana. Ukisha kupanda juu, weka ISO 100, tundu la lenzi f/11, na muda wa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ukiwa bado chini, vumbi na unyevu wa hewa huufifiza, kwa hiyo ongeza muda kidogo kidogo huku ukikagua kila picha. Na taa ya kamera izime! Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na taa hiyo haifiki hata kwa yule muuza madafu.

Lenzi ndefu hukuza mwezi, lakini pia hukuza mtetemeko wa mkono. Kama huna stendi ya miguu mitatu, chukua mfuko wa maharagwe, uweke ukutani au chini, ulaze kamera juu yake. Kisha itegeshe ijifyatue baada ya sekunde mbili, kidole chako kikiwa mbali.

Wanafunzi wanaotaka kuona mashimo ya mwezini wasihangaike na mwezi mpevu. Wakati huo jua huupiga usoni moja kwa moja, na pasipo vivuli mashimo hayaonekani vizuri. Ngojeni siku ya saba hivi baada ya mwezi kuandama, mwangalie pale mwanga na giza vinapokutana. Mwezi mpevu hufaa zaidi kwa yale mabaka meusi ambayo wataalamu wa kale waliyaita bahari, ingawa hayana tone la maji. Moja huitwa Bahari ya Utulivu, na huko ndiko Armstrong na Aldrin walikotua mnamo Julai 1969.

Lakini mama hakutaka mashimo. Alitaka mwezi na maji, na mtu anayemjua hapo mbele.

Hapo pana hila. Mwezi ukiwa chini huonekana mkubwa ajabu, ila ni macho yanayodanganyika, kamera haidanganyiki. Kwa lenzi yetu, taswira ya mwezi ndani ya kamera haifiki upana wa milimita 3. Ukitaka uonekane mkubwa kando ya mtu, usimsogelee mtu huyo. Rudi nyuma! Mtu mzima aliye mita 200 kutoka kwako huonekana na urefu karibu sawa na upana wa mwezi.

Jioni ya pili binti na mamake walibaki na kamera, wakailaza chini kabisa ili kichwa changu kipite juu ya mstari wa bahari. Nami nikaufuata ukingo kuelekea mashariki, nikihesabu hatua. Tukangoja. Mwezi huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, na kwa kuwa wa jana ulitoka jua likitua, huu wa leo ulitukuta gizani. Ndiyo sababu nakushauri ufike siku moja kabla ya mwezi mpevu. Siku hiyo hutoka jua likiwa bado halijazama, na bahari na nyuso za watu huwa na nuru. Sisi hatukuwa na siku nyingine. Tikiti za kurudi zilikuwa za asubuhi.

Mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika mbili hivi. Ulipochomoza, binti alinipigia simu akipiga kelele: "Baba, kushoto! Kushoto tena! Simama!" Muuza mihogo aliniona nikijisogeza ubavuubavu kama kaa, akacheka sana. Kabla sijamaliza kumweleza, mwezi ulikuwa umenipita kichwani.

Picha moja ilifaulu. Mama aliishika karibu na dirisha, akaigeuza huku na huku.

"Maji nimeyaona," akasema. "Na huyu mweusi hapa katikati ya mwezi ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Akaitazama tena. "Mbona hukugeuza uso?"