Siku Tisa za Ng'ombe wa Madoa

Utotoni sikujua kwamba mzoga hunuka. Hilo ni la ajabu kwa mtu aliyelelewa kando ya Maasai Mara, tena mtoto wa mtu aliyeitwa kila ng'ombe alipoanguka. Baba alikuwa afisa wa mifugo wa cheo cha chini. Watu walimwita daktari, naye hakuwakatalia. Miaka ya 1980, shule zikifungwa, nilifuatana naye nikimbebea ndoo na kamba. Akifika hakugusa kitu kabla ya kutazama pua na mkundu. Akiona damu nyeusi isiyoganda, alifukuza watu na mbwa wao: hicho ni kimeta, mnyama hapasuliwi. Asipoiona, alipasua, akakagua wengu na ini, akaandika kwenye daftari lake, tukaenda zetu. Hakuna aliyejisumbua kuchimba shimo. Wenye kazi hiyo walikuwa wameshaanza kuzunguka juu yetu.

Tumbusi wa kwetu hategemei pua, anategemea macho. Mmoja akishuka, wa mbali humwona akishuka naye akafuata, na wa mbali zaidi akamwona huyo, hadi anga zima likamiminika mahali pamoja kwa mvumo kama wa turubai likichanika. Wa mgongo mweupe ndio waliokuwa wengi, lakini ngozi ya ng'ombe iliwashinda. Walichokoa macho, wakagombana, wakamngoja mkubwa wao, yule wa kichwa chekundu na ngozi inayoning'inia shingoni. Akija huyo, akirukaruka kama mgomvi wa baa, wote walimpisha. Ngozi ikishachanwa, wenye shingo ndefu walizama mbavuni mpaka mabegani, na wale wadogo wenye kofia wakaokota makombo pembeni. Tukipita saa tatu asubuhi na kurudi saa nane, tulikuta mbavu, fuvu na nyasi zilizolala. Usiku fisi aliijia mifupa. Nzi walikuwepo, lakini walikuta meza imeshafutwa.

Mwaka 2003 simba aliua fahali wa jirani yetu. Nilikuwa kijana mwenye baiskeli, kwa hiyo ni mimi niliyetumwa dukani kununua dawa ya kumtegea. Dawa yenyewe ilikuwa ya kuua wadudu wa shambani, chengachenga za rangi ya zambarau. Muuzaji hakuniuliza shamba langu liko wapi. Jirani aliinyunyizia nyama iliyobaki, tukalala.

Simba hakurudi. Waliorudi ni fisi wawili, bweha, na tumbusi, ambao niliwahesabu hadi thelathini na kitu nikaacha. Wengine walikuwa bado wamekunja makucha, mabawa yamefunguka kama mtu aliyeanguka na mwavuli. Lakini kilichonishika ni nzi. Walilala wamekufa kuuzunguka ule mzoga, duara jeusi, kama masizi yaliyomwagwa. Baba alichutama, akachukua mmoja kwenye kiganja.

"Nani kainunua hii?"

Jirani alitazama chini. Mimi nilitazama ng'ombe wa mtu mwingine. Baba alifariki bila kupata jibu.

Tumbusi hutaga yai moja, na kinda lake hukaa kiotani miezi kadhaa. Thelathini hawarudishwi kwa msimu mmoja, wala kwa kumi. Na sisi hatukuwa peke yetu wenye baiskeli: hesabu zilizofanywa Mara kwa takriban miaka thelathini zilionyesha tumbusi wamepungua zaidi ya nusu, na mwaka 2015 yule wa mgongo mweupe na yule mwenye kofia waliingizwa katika orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Katika ukame wa 2022 ng'ombe wetu wa madoa alikufa nyuma ya zizi. Nilitazama juu kwa mazoea. Kulikuwa na jua tu.

Basi nikajifunza ukubwani nilichopaswa kukijua utotoni. Nzi wa kijani walifika kabla sijamaliza kumfungua kamba. Jioni kulikuwa na mayai kwenye pembe za macho, kama chenga za mchele. Vijidudu vya tumboni havikujua kwamba mwenye tumbo amekufa, viliendelea kuchachusha majani, na gesi ikakosa njia, ng'ombe akavimba hadi miguu ikanyanyuka. Siku ya nne tumbo lilipasuka. Funza walikuwa wamejaa wakichemka kama maharage, na sisemi kwa mfano tu: nilisogeza mkono nikahisi joto lao. Siku ya sita walihama usiku, wakajifukia ardhini ili wageuke nzi. Wakaja mbawakawa, wengine kula funza waliochelewa, wengine ngozi iliyokauka.

Na mbwa. Niliwahesabu kumi na mmoja wa kijiji kizima, pamoja na bweha, wakinusana na kung'atana juu ya mzoga ule ule, siku tisa. Huko Laikipia, mtafiti Darcy Ogada na wenzake waliweka mizoga ya mbuzi, wakaeleza mwaka 2012 kwamba pasipo tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama wengine wakazidi kukutana hapo. Kichaa cha mbwa hakihitaji mwaliko mzuri kuliko huo. Baba angeuliza kwanza habari za kimeta.

Miezi kadhaa baadaye niliokota pembe moja ya yule ng'ombe. Ilikuwa imeota vijirija vya udongoudongo, kama vidole. Ni kazi ya viwavi wa nondo wanaokula pembe, kitu ambacho hata fisi akikimeza hukitapika. Nilimwonyesha mama. Akasema nisiingize uchafu huo nyumbani, nikaitundika kwenye uzio wa zizi, na vijirija vinaendelea kurefuka.