Kwa Mjukuu Wangu, Kuhusu Kibanda Chako

Ruiru, Jumapili jioni

Mjukuu wangu,

Makaratasi uliyoniachia mezani nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Cucu yako, ambaye jina lake ndilo unalolibeba, amenionya nisikuvunje moyo. Basi nianze na sifa. Michoro ni mizuri. Kile kibanda cha mama mboga kinachokunjwa kikawa kama sanduku, chenye paa la turubai na magurudumu mawili, hata mimi nilitamani kukisukuma.

Shida iko kwenye ukurasa unaotangulia michoro. Hapo umeandika swali la tasnifu yako: "Ubunifu unawezaje kuboresha maisha ya wachuuzi wa Ruiru?" Nimeligeuza huku na huku nikitafuta jibu lolote linaloweza kukwambia kwamba umekosea. Sikuliona. Ukiwajengea kibanda, umeboresha. Ukiwachimbia choo, umeboresha. Hata ukimnunulia kila mmoja mwavuli, umeboresha. Na hao wachuuzi wa Ruiru ni akina nani? Sensa ya 2009 ilihesabu hapa watu 238,858. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Watu hao wote wanakula mboga. Yule anayeuza sukumawiki kwa beseni mlangoni mwa ploti na yule aliyekaa kando ya barabara kuu ya Thika, magari yakimpita kwa kasi, hawana shida inayofanana.

Mimi naona ulichora kwanza, kisha ukatafuta swali la kuuvika mchoro. Usione haya. Mkono wa mbunifu una haraka, na bila haraka hiyo usingekuwa mbunifu. Lakini msimamizi wako atauliza ulijuaje kwamba mama mboga anahitaji kibanda, na jibu la "niliona" halitatosha.

Unajua nilifanya kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti wa kahawa. Sikuwa mwanasayansi. Nilikuwa mtu wa daftari, ngazi na mifuko ya karatasi. Ila anayebeba daftari husikia maswali yote, na yapo mawili matatu niliyoyasikia pale ambayo nadhani yanakuhusu kuliko unavyofikiri.

Mwaka 1968 chulebuni, ule ugonjwa ambao wakulima wa huku huuita CBD, ulishambulia kahawa vibaya sana. Buni changa zilikuwa zinaingia madoa meusi na kuoza mtini. Kila mkulima aliuliza tufanye nini, na hilo ni swali la familia moja na lako: linatoka moyoni lakini huwezi kuingia shambani nalo. Kazi ya kuzalisha aina mpya iliyoanza 1971 ililibana. Je, upo mbuni popote unaostahimili kuvu anayeleta ugonjwa huu? Na kama upo, ustahimilivu wake unaweza kuhamishiwa kwenye mbuni unaozaa sana, ulio mfupi, na wenye kinywaji kizuri? Hapo sasa mtu anajua aamke aende wapi. Watafiti walileta Rume Sudan, yenye asili ya nyanda za Boma huko Sudan Kusini. Wakaleta na chotara wa Timor. Miti hiyo haikuwa na sifa zote walizozitaka, lakini ilikuwa na jibu la sehemu moja ya swali. Aina iliyozaliwa hapo, Ruiru 11, ilitolewa kwa wakulima 1985. Hesabu mwenyewe miaka.

Wewe hupewi miaka 14, unapewa mihula miwili, kwa hiyo sikiliza hili kwa makini. Mbuni huchukua miaka kadhaa kuzaa. Kama kila mche ungesubiriwa uzae ndipo ijulikane kama utaugua, tungezeekea kitaluni. Watafiti wakatafuta njia ya mkato ya halali: miche ya wiki sita hivi, bado laini, ilinyunyiziwa mbegu za kuvu kwenye kishina, kisha madonda yakapewa alama kuanzia 1 hadi 12. Lakini kabla ya kuiamini njia hiyo walihakikisha kwamba mche unaoshinda kitaluni ndio unaotoka kwenye mti unaoshinda shambani. Bila uthibitisho huo, alama zote zingekuwa mapambo.

Kitalu chako wewe ni katoni na miti ya kuunga kwa kamba. Usiende kwa fundi wa kuchomelea vyuma na pesa za baba yako. Tengeneza meza ya katoni, mpelekee mama mmoja, umwachie asubuhi nzima, ukae pembeni unyamaze. Kisha jiulize kama anachofanya na katoni ndicho ambacho angefanya na chuma. Uzito kwa mfano hautauona kwenye katoni, na huenda uzito ndio kila kitu kwa mtu anayefunga biashara saa mbili usiku akiwa na mtoto mgongoni.

Jambo la pili ni ile mifuko ya karatasi. Tulipokuwa tukichavusha kwa mkono, tuliondoa sehemu za kiume za ua kabla halijafunguka, tukatia chavua tuliyoitaka, tukalifunga tawi kwa mfuko. Mfuko ulizuia chavua ya jirani. Mchoro wako unabadilisha mambo manne kwa mpigo: paa, kimo cha meza, magurudumu na rangi. Mauzo yakipanda utasema kipi kimeyapandisha? Labda ni rangi tu. Labda ni mwisho wa mwezi, watu wamelipwa. Badilisha kimoja, vingine vifunge mfukoni.

Nilitoka jana hadi steji kununua nyanya, nikakaa nusu saa kwenye kigoda cha fundi viatu nikijifanya nasubiri. Nimeona kitu. Mama mmoja ana meza nzuri ya mbao. Nyanya amezipanga mezani, lakini mboga za majani ameziweka chini, juu ya gunia lililoloweshwa. Meza ina nafasi ya kutosha. Kwa nini? Sikumuuliza, nimekuachia. Pengine ardhi ni baridi na sukumawiki hainyauki upesi. Pengine mteja akiinama kuchagua hanunui kidogo. Pengine askari wa kanjo wakitokea, gunia hukunjwa mara moja na meza huachwa. Kila moja ya sababu hizo inazaa kibanda tofauti kabisa, na mojawapo haizai kibanda hata kidogo. Hilo ndilo swali ambalo ningeanza nalo: kwa nini mama mwenye meza anauzia mboga za majani chini? Ni dogo, linaweza kukuaibisha, na linajibika kabla ya Desemba.

Hojaji yako ya maswali 40 weka kando kwanza. Ukimuuliza mama mboga "Je, ungependa kibanda bora?" atakujibu ndiyo, kwa adabu, na pia kwa sababu labda unagawa. Muulize jana alilala na bidhaa wapi, alilipa nani, nini kilioza. Muulize kwa Kikuyu akiwa Mkikuyu, kwa Kiswahili kama ametoka kwingine, na usirekodi bila ruhusa yake. Kuhusu kibali cha utafiti cha NACOSTI, mwulize msimamizi mapema. Kinaombwa kabla ya kwenda nyanjani, hakiombwi ukisharudi.

Na uende kwa saa tofauti. Saa kumi na moja alfajiri mzigo unaposhushwa, saa nane mchana jua likiwaka, saa moja jioni watu wakishuka matatu. Uende na Julai, wakati wa ile baridi yetu ya ukungu na matope. Kahawa inayopendeza wakati wa kiangazi haikwambii lolote kuhusu chulebuni.

Hapa nikuungamie jambo ambalo cucu yako pekee analijua. Nilipokuwa kijana, siku moja ya mvua nilijaza ukurasa mzima wa daftari nikiwa nimekaa chini ya mti, kwa kukisia, kwa sababu miti ya jana ilifanana na ya juzi. Msimamizi wa shamba hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mti wa namba niliyoiandikia "mzima", kumbe ni mti uliokatwa wiki iliyotangulia. Sijasahau kile kisiki.

Usidhani pia kwamba swali zuri hukulinda na kila kitu. Kinywaji kilikuwa kwenye mahitaji ya Ruiru 11 tangu mwanzo, na bado wapo wanunuzi walioonja wakasema kahawa ya SL28 inaishinda. Kazi ikaendelea, na 2010 ikatoka aina nyingine, Batian. Kwa hiyo sehemu ya tasnifu inayohusu mapungufu usiiandike usiku wa mwisho kwa mistari mitatu ya kuomba radhi. Huyo atakayekuja baada yako ataanzia hapo.

Na lile jiko la bati na udongo analopikia mama yako, liangalie vizuri ukifika nyumbani. Wazo lake lilitoka Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini umbo hili lenye kiuno, udongo ukiwa sehemu ya juu tu, ni la huku, linaloweza kufuliwa na fundi wa jua kali mwenye nyundo na bati. Songa ugali juu yake, uone kazi ya kile kitako kipana. Kisha jiulize kibanda chako kitatengenezwa na nani, kwa vifaa gani, na gurudumu likivunjika Gatong'ora litapatikana wapi.

Njoo Jumamosi, mapema, kabla ya saa kumi na mbili. Vaa viatu vya matope. Daftari ninalo moja jipya, lile lenye jalada gumu. Michoro iache nyumbani.

Guka wako