Mpira na Vitabu vya Vita

Tangu tulipokabidhiwa timu ya kandanda ya shule yetu hapa Kisangani, tumekuwa tukisoma vitabu vya vita. Wazazi wengine walipopata habari hiyo walistaajabu; wengine hawakupendezwa hata kidogo. Basi twaona ni haki yao, na ya wasomaji wote, waelezwe tunatafuta nini humo.

Aliyepita seminari amekutana na Julius Kaisari katika Kilatini. Wanafunzi hungoja habari za mapanga na farasi. Kumbe yule jemadari, kila baada ya kurasa chache, arudia jambo lile lile: nafaka. Jeshi litakula nini? Litakipata wapi chakula hicho? Zamani hizo twasinzia tukisoma. Sasa, tukiwa na vijana wa kuwatunza, twasoma kwa makini.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Roma. Mwaka 1941 askari wa Kongo, wa jeshi lililoitwa Force Publique, chini ya maofisa wa Kibelgiji, walipelekwa Ethiopia kupigana na Waitalia. Walipitia Sudan, wakateka Asosa na Gambela mwezi wa Machi, kisha wakakwama mbele ya Saïo, mji uitwao leo Dembidolo. Waitalia walikuwa juu mlimani, nao walikuwa wengi kuliko wao. Chakula kilipungua, ugonjwa wa beriberi ukawaingia. Je, walipanda mlima kwa hasira? La. Walituma vikosi vidogo vya doria kumsumbua adui asipate raha, wakangoja maji ya mto yapande ili msaada uweze kufika. Tarehe 3 Julai walishambulia, na siku ile ile Jenerali Gazzera aliomba masharti ya kusalimu amri. Akajitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, yeye na majenerali wenziwe na maelfu ya askari. (Vitabu havisahau majenerali. Wapagazi waliobeba mizigo hutajwa kwa nadra.)

Mwalimu wa mpira apata mengi hapo. Vijana wetu wengi hutoka Mangobo kwa miguu, na wako wasiokula tangu asubuhi. Twaweza kuchora mishale ubaoni hata chaki ikaisha, lakini ikifika dakika ya 60 ni miguu inayosema. Kwa hiyo fedha kidogo tuliyo nayo hununua kwanza ndizi za lituma na samaki. Jezi mpya zitangoja. Tena, tukikutana na timu yenye nguvu kutushinda, hatuwaachi wote kumi waukimbilie mpira kama kuku waliotupiwa mtama. Wawili humsonga mwenye mpira, kisha hurudi, na wawili wengine huenda. Yule mwenye mpira hudhani tuko kumi na watano.

Hata hivyo mama mmoja alituambia neno ambalo hatuwezi kulipuuza: katika mji huu vita si mfano wa kufundishia. Asema kweli. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mageni, yalipigana hapa kati ya nyumba zetu. Makombora yalianguka juu ya watu wasio na silaha. Zaidi ya raia 760 waliuawa, wengine 1,700 hivi wakajeruhiwa. Vijana wetu hawakuwa wamezaliwa. Lakini wazazi wao wakumbuka walilala wapi usiku zile, na ni nani hakuamka.

Kwa sababu hiyo, uwanjani kwetu neno “adui” halitumiki, wala “kuua”, wala “kulipiza kisasi”. Twasema “wageni wetu”. Na si adabu ya maneno tu. Jemadari hufurahi asipomwona tena aliyepigana naye; sisi, wale wengine wasipokuja, hatuna mchezo. Kaisari hakuwa na mwamuzi wa kupuliza filimbi, wala hakuna aliyemtaka awape mkono Wagalia jioni. Hapo vitabu vyake vyatuacha, nasi twavifunga.

Jumamosi ijayo wageni wetu watavuka mto kutoka Lubunga kwa mitumbwi. Tumekwisha kuagiza ndizi za kuwatosha wao pia.