Halua Ambayo Mama Hakuila

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba mkono mtupu haulambwi. Sisi tulioacha kwetu bara tukaja Mombasa kutafuta riziki twaijua methali hii vyema. Ukishuka gari nyumbani, hata kabla hujaulizwa habari za safari, macho ya watoto huwa yamekwisha tua kwenye mfuko.

Zawadi za watoto mimi huzinunua Feri, upande wa kisiwani, ambako umati hushuka na kupanda feri za Likoni kutwa kucha. Mpenda kutafuna hapiti hapo akasalimika. Kuna mabuyu mekundu yatiayo midomo rangi, krispi za muhogo zilizonyunyizwa pilipili, achari ya embe na kashata za nazi.

Kwa mama, hata hivyo, vitu vya Feri nilividharau. Yeye nilimwendea Mji wa Kale nikamnunulia halua. Halua, msomaji, si pishi la haraka. Wanga, sukari na samli hukorogwa motoni kwa muda mrefu, mkono usipumzike, kisha hutiwa iliki na, kwa mwenye uwezo, zafarani. Hukaa siku nyingi bila kuharibika, tofauti na mahamri ambayo kesho yake huwa magumu. Bei yake si haba, nami nilidhani kwamba ughali ndio heshima.

Kila likizo mama aliipokea kwa mikono miwili, akanibariki, akaiweka kabatini.

Desemba moja nilishuka Kyumvi, nikapanda matatu hadi Machakos. Jioni nikaenda kuwajulia hali majirani. Mtoto wao mdogo akanirukia: "Anti, halua yako ni tamu! Nyanya hutupa yote."

Yote? Usiku ule nilimuuliza mama. Alinyamaza kitambo, akichokora makaa ya jiko. Ndipo aliponiambia kwamba ana ugonjwa wa sukari, huu ulikuwa mwaka wa tatu, na kwamba kliniki walikuwa wamemkataza vitu vitamu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungeacha kuniletea, mwanangu. Nami napenda kukuona ukifungua mfuko."

Sikupata usingizi. Bei ya halua niliijua hadi senti ya mwisho, lakini hali ya mama aliyenizaa sikuijua. Miaka mitatu nilikuwa nikimbebea kilomita mamia kitu ambacho angekila kingemdhuru.

Asubuhi nilimuuliza kile ambacho moyo wake ungependa. Alicheka kama msichana. Alizaliwa Kibwezi, na alipokuwa akichunga mbuzi walipasua buyu kwenye jiwe wakamumunya mbegu zake. Tangu aolewe huku milimani Machakos, hakuwa ameonja tena. Zawadi aliyoitaka ilikuwa pale pale Feri nilipokuwa nikipita kila siku!

Niliporudi nilimwendea mama mmoja muuza mabuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka mabuyu yasiyopikwa kwa sukari."

Alinitazama kwa mshangao. Mabuyu hupikwa kwa sukari na rangi, wengine wakaongeza iliki au pilipili. Nani atakaye yale meupe, makavu, yenye unga wake tu? Nilipomweleza habari ya mama, aliacha kucheka. Kesho yake aliniletea mfuko kutoka kwake nyumbani, akakataa kunitoza bei ya yale mekundu.

"Mengine hata hutoka kwenu huko Ukambani," akasema.

Basi safari iliyofuata nikawa nabeba mabuyu kuyarudisha bara. Basi lilipopita Kibwezi nikaiona mibuyu mikubwa kando ya barabara, nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akanitazama.

Nilikuwa nimemuuliza muuguzi kwanza. Alinionya kwamba hata buyu jeupe lina sukari yake ya asili, kwa hiyo mama ale kwa kiasi. Mama alimumunya mbegu moja, akafumba macho, akaitema kokwa kiganjani na kuitazama. "Uchachu ni ule ule," akasema. Mfuko uliobaki aliufunga mwenyewe, na safari hii hakuupeleka kwa jirani.

Msomaji, ukijiandaa kwenda nyumbani likizo hii, achari uitie katika chupa yenye kifuniko kinachobana, la sivyo nguo zako zitanukia pilipili. Krispi zitie mkebeni zisivunjike. Halua mpelekee anayeweza kuila. Lakini kabla hujatoa shilingi hata moja, piga simu uulize wazee wanakula nini siku hizi, na daktari amewakataza nini. Wakikujibu kwamba wanakula chochote, uliza tena. Mama yangu naye angenijibu hivyo hivyo.